Huyo si Msaidizi, ni Mfanyakazi

Ukifika Horohoro alfajiri, kabla malori ya machungwa ya Muheza hayajajipanga kungojea kuvuka kwenda Lunga Lunga, utakuta milango ya maduka na vibanda imeanza kufunguliwa. Mtazame vyema anayeifungua. Mara nyingi si mwenye mali. Ni kijana, au binti, aliyelala mumo humo dukani juu ya maboksi, na ndiye atakayeifunga usiku. Muulize mwenye duka huyu ni nani, naye atakujibu bila kupepesa macho: ni kijana wangu, ananisaidia tu.

Neno hilo “ananisaidia” ndilo tunalokusudia kulikemea leo.

Hatusemi kwamba mchuuzi asiajiri. La hasha! Mama lishe aliyeanza na jiko moja na sufuria mbili, akapata wateja miongoni mwa madereva na mawakala wa forodha, hawezi kupika, kuandaa, kuosha vyombo na kwenda sokoni peke yake. Akiongeza mikono miwili ameongeza chakula, ameongeza mapato, na amempatia mwananchi mwenzake kazi. Hilo ni jambo la kupongezwa. Lakini siku ile anapoongeza mikono hiyo, yeye mwenyewe amebadilika. Jana alikuwa mtu anayejitegemea kwa jasho lake. Leo sehemu ya faida yake inatokana na jasho la mwingine. Amekuwa mwajiri, apende asipende.

Kwa nini basi watu wetu wanaikimbia sifa hiyo? Sababu moja imo katika historia. Tangu Azimio la Arusha mwaka 1967, kuajiri watu kwa faida binafsi kulitazamwa kuwa njia ya unyonyaji, na viongozi walikatazwa kujihusisha na ubepari. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka dhidi ya maduka ya watu binafsi. Mwaka 1983 sheria ya Nguvu Kazi ikawafanya wachuuzi wengi waonekane wazururaji. Na hapa mpakani, tangu mwaka 1977 hadi 1983, njia ya kwenda Kenya ilikuwa imefungwa kabisa. Aliyekuwa na mtu wa kumfanyia kazi alijifunza kumwita mpwa.

Zama hizo zimepita. Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 lililegeza masharti ya uongozi, Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lilianza mwaka 2010, na barabara ya Tanga hadi Horohoro ni ya lami. Hakuna tena anayekamatwa kwa kuwa na duka. Lakini ajabu ni kwamba tumeitupa hofu ya kuitwa kupe, tukaubakiza ukupe wenyewe! Tumechukua haki ya kuajiri, tukauacha wajibu wake mlangoni.

Hapa ndipo makala haya yanapowagusa ndugu zetu watumishi na walimu. Mchuuzi wa kawaida anaweza kukaa miaka kumi dukani mwake akiwa peke yake. Mtumishi hawezi. Saa za kazi yuko ofisini au darasani. Kwa hiyo duka la mtumishi haliwezi kufunguliwa hata siku moja bila mfanyakazi. Ni mwajiri tangu siku ya kwanza.

Na mtumishi huyu ni nani? Ni mtu anayezijua haki zake kama anavyokijua kiganja chake. Mshahara ukichelewa siku tatu, analalamika. Likizo yake anaihesabu. Kupandishwa daraja kukikawia, anaandika barua. Ana chama cha wafanyakazi cha kumsemea, na kila Mei Mosi anaandamana na bango mkononi. Jioni anakwenda dukani kwake kuchukua mauzo ya siku kwa kijana asiye na barua ya ajira, asiye na siku ya mapumziko, asiye na akiba ya uzeeni. Bidhaa zikipungua, anamkata kijana yule yule. Nyani haoni kundule!

Sheria iko wazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikuandikwa kwa ajili ya viwanda pekee. Inataka mfanyakazi apewe maelezo ya ajira yake kwa maandishi; asifanye kazi za kawaida zaidi ya saa 45 kwa juma; apate likizo ya mwaka ya siku 28 yenye malipo. Makato kwa ajili ya hasara yana masharti: kosa liwe lake, asikilizwe kwanza, na makato yasizidi robo ya ujira wake. Mwajiri anayeshindwa kuonyesha maandishi, mzigo wa kuthibitisha masharti ya ajira unamwangukia yeye. Nayo Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka huo huo haijali jina ulilompa mtu. Inauliza: nani anamwamuru? Nani anampangia saa? Anategemea mkono wa nani kula? Ukiyajibu maswali hayo kwa uaminifu, “msaidizi” wako ametoweka, na mahali pake amesimama mfanyakazi.

Watajitokeza wa kusema: huyu ni ndugu yangu, nampa chakula na malazi. Vyema. Chakula ni hisani ya nyumbani. Ujira ni deni. Hakuna mwalimu atakayekubali kulipwa ugali na godoro kwa kuwa mwalimu mkuu ni mjomba wake.

Wengine watasema kwamba biashara ni changa, haiwezi kubeba michango. Hoja hii ina uzito na tusiibeze. Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri hubeba si chini ya nusu yake. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kukusanya michango mwaka 2015, nao unamtaka mwajiri pekee achangie. Lakini biashara isiyoweza kumlipa anayeiendesha haijakua. Imenenepa kwa mwili wa mwingine. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Mkoa wa Tanga haustahili kufundishwa somo hili upya. Katika mashamba ya mkonge manamba walifanya kazi kwa kipande, siku 30 za kazi zikamilike ndipo ujira upatikane, na mwaka 1939 makuli wa bandari ya Tanga waligoma kudai maslahi yao. Mateso yale tuliyalaani kwa kuwa bwana shamba alikuwa mgeni. Je, yakifanywa na mwenyeji, tena msomi, yanageuka kuwa msaada?

Ofisi nazo zisijitoe lawamani. Afisa wa kazi anayeonekana siku ya faini pekee hajatimiza kazi yake. Halmashauri zinazokopesha vikundi kutoka katika asilimia 10 ya mapato yao ya ndani zifundishe, pamoja na kutunza hesabu, namna ya kumwajiri mtu wa kwanza. Mchuuzi asiyejua sheria aelimishwe kabla ya kuadhibiwa.

Lakini mwalimu na mtumishi hawana udhuru wa kutojua. Mkataba wa kijana wa dukani ni karatasi moja: jina, kazi, mahali, saa, ujira, likizo. Anayefundisha watoto wetu kuandika barua rasmi hashindwi kuiandika hiyo. Basi aiandike juma hili, aisome mbele ya kijana wake, watie sahihi wote wawili, kisha amsajili katika mifuko. Asiyetaka kufanya hivyo afunge duka, au akae mwenyewe kaunta. Na Mei Mosi ijayo, kabla hajalibeba bango, ajiulize kijana wake yuko wapi siku hiyo: kwenye maandamano pamoja naye, au dukani anamuuzia?