Orodha ya "look" haimfundishi mtoto Kiingereza

KAULI YA WIKI
Na Salma Kombo

Fungua daftari la Kiingereza la mwanafunzi wa kidato cha pili, utaikuta orodha: "look for" kutafuta, "look after" kutunza, "look into" kuchunguza, "look down on" kudharau, "look up to" kuheshimu. Mwandiko safi, mistari imepigwa kwa rula. Siku ya mtihani yote yanavurugika. Mtoto anaandika kwamba muuguzi "looks for the patient", na mgonjwa wa watu anageuka mtoro wa wodini.

Lawama humwangukia mtoto. Mimi nailaumu orodha.

Vitenzi hivi ni vigumu kwelikweli. Samuel Johnson, aliyetoa kamusi yake London mwaka 1755, alikiri kwenye dibaji kwamba hapa ndipo wageni wanapotaabika zaidi: kitenzi cha kawaida kinafuatwa na kijineno, maana inageuka. Ikiwa mtunga kamusi wa Kiingereza aliliona hilo enzi hizo, mtoto wa Kilosa aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha akaingia kidato cha kwanza na kukuta karibu kila somo ni Kiingereza, asichekwe akikwama.

Tena sisi kazi hiyo tunaimalizia ndani ya kitenzi. Tunahama Tanga, tunahamia Arusha. Kitu kikinuka tunaziba pua, kikinukia tunauliza kinapikwa nini. Na pale Kiingereza kinapodai kihusishi, mara nyingi sisi tunatosheka na "-ni". Kitabu kiko mezani, wageni wako mezani, basi. Kwa Kiingereza kitabu kiko "on the table" na wageni wako "at the table". Ukikosea, umewakalisha wageni juu ya sahani. Mtoto anatakiwa achague kitu ambacho lugha yake haijawahi kumtaka achague.

Lakini Kiswahili nacho kina mitego ya aina hiyo. Mtu hulala fofofo, hulowa chapachapa, na ukumbi hujaa pomoni. Mgeni akiuliza kwa nini mtu asilale chapachapa, hatuna kanuni ya kumpa. Hatukuyakariri hayo darasani. Tuliyasikia yameongozana, kila moja na mwenzake, mvua ikinyesha na watu wakilala.

Na Kiingereza kifundishwe hivyo: tukio kwanza, maneno yafuate. Chukua safari. Kwa Kiswahili tunapanda basi, tunapanda bodaboda, tunapanda teksi. Kwa Kiingereza basi na bodaboda ni "get on", teksi ni "get into". Kushuka basi ni "get off", kushuka teksi ni "get out of". Kipindi kimoja kinatosha: viti vipangwe kama basi, wanafunzi wapande na kushuka huku wakisema. Kesho yake iwe simu: "pick up", "hang up", "call back".

Mpangilio wa maneno nao utaingia humo humo. Unaweza kusema "turn off the light" au "turn the light off", lakini ukitumia "it", lazima likae katikati: "turn it off". Kinyume chake, "look after" haitenganishwi kwa namna hiyo. Ni "look after her", hata mgonjwa awe nani. Kanuni hii ukiiandika ubaoni inachosha, lakini mtoto akiizima taa mwenyewe huku akisema, sikio linaizoea.

Watunga mitihani nao wana deni. Sentensi moja isiyo na kichwa wala miguu, yenye pengo la kujaza kijineno, inapima kukariri, na mwalimu atafundisha kile kinachopimwa. Wape watoto kisa kizima, cha muuguzi na mgonjwa wake, wajaze mapengo wakijua nani anamtunza nani. Mtihani ukibadilika hivyo, orodha zitatoweka madaftarini zenyewe, bila waraka wa wizara.