Barua kwa Nuu: Mtoto Aliyenyamaza Si Mkaidi

Wazee wetu, kina mama na walimu wa Nuu, Kitui,

Nawaandikia kutoka Leeds. Tarehe 4 Desemba 2021, waimbaji wa Kanisa Katoliki la Mwingi wakija arusini kwenu, Mto Enziu ulilisomba basi lao. Watu zaidi ya 30 walikufa, umati ukitazama ukingoni. Mvua nayo ilikuwa imeshaanza kukosa, ikakosa misimu 5 mfululizo. Mlizika, mkachanga, mkagawana chakula cha msaada. Yaliyobaki vichwani mwa watoto ni nani aliyeyauliza?

Hofu ikija ikapita, kwa kawaida mtoto hadhuriki. Ikikaa, iwe ya maji, ya njaa au ya wazazi wanaogombana kwa kukosa, mwili hufululiza kumwaga homoni ya kortisoli. Amigdala, king'ora cha ubongo, huwa nyepesi kulia, na hipokampasi inayoshika kumbukumbu hulemewa. Ndiyo maana mtoto hushtuka mlango ukibamizwa, kisha hesabu ya jana haikumbuki. Mwalimu huona uzembe, akachukua kiboko, ambacho ni hofu juu ya hofu. Na Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya 2013 imekikataza.

Mtasema: sisi tulichapwa, tukalala njaa, na tumesimama. Ni kweli. Lakini wanaosimulia ni waliosimama. Waliozama katika pombe hawaitwi barazani. Tena wengi wa waliosimama walikuwa na susu (bibi) au mjomba asiyebadilika. Nguvu ya mlezi wa namna hiyo imepimwa. Bucharest, kuanzia 2000, watafiti waliwafuatilia watoto 136 wa vituo vya mayatima, nusu yao wakapelekwa kwa kura katika familia za kuwalea. Waliopata familia kabla ya miaka 2 hivi ndio waliopona zaidi.

Mwingine atasema wataalamu wa saikolojia hawafiki Nuu. Hawafiki, sawa. Zimbabwe nako hawakutosha, ndipo daktari Dixon Chibanda akawafunza kina bibi kusikiliza watu kwenye benchi nje ya zahanati, na utafiti wa 2016 ukaonyesha dalili za sonona na wasiwasi zikipungua. Waliosikilizwa walikuwa watu wazima, nakubali, ila mtoto hatulii mikononi mwa mzazi asiyetulia. Kina susu Nuu wapo.

Walimu wakuu, nawaomba kabla ya mvua zijazo kila mtoto ajue mtu mzima mmoja shuleni wa kumwendea, na mtu huyo asiwe na kiboko. Anzeni na wadogo.

Wenu, ughaibuni