Kasoro ya Gari Husemwa Kabla ya Bei



Juma hili tunajibu suala lililotufikia kutoka Kisii, kwa dada yetu mwenye asili ya pwani aliyehamia huko na mumewe kwa biashara. Nyumbani kwao pana Toyota Hiace ya dizeli, ambayo kwa miaka mingi imekuwa gari la matembezi ya jamaa. Kila likizo ya Desemba magodoro na masufuria hupakiwa, watoto wakajazana nyuma, na safari ikashika njia ya Mombasa kwa bibi zao, mwendo wa karibu kilomita 800. Watoto sasa wamekua, gari limechoka, na mumewe amepata mnunuzi kutoka Nyamira anayelitaka kwa ajili ya kuwapeleka watoto shule. Fundi wao ametoa ushauri wa aina tatu: watie oili nzito ili moshi upungue, wapake rangi nyeusi juu ya kutu ya chini, na mita ya kilomita irudishwe nyuma kidogo. Mume hajakataa wala hajakubali. Dada yetu anauliza: mimi si muuzaji, je, nikinyamaza nina dhambi?

Tuanze na hilo la mwisho, maana ndilo zito. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Imam Shafi, akiwemo Imam Nawawi, wamesema kwamba wajibu wa kubainisha kasoro haumhusu muuzaji peke yake. Mtu mwingine yeyote aijuaye humlazimu pia kumjulisha mnunuzi. Kwa hivyo mke aliyepanda gari hilo miaka yote, anayejua mahali linapovuja na siku breki zilipogoma, hawezi kujitoa kwa kusema kuwa jina lake halimo katika hati. Lakini mlango wa kwanza wa kubisha ni wa mumewe, si wa mnunuzi. Azungumze naye faraghani na kwa upole, wala asimfedhehi mbele ya mgeni. Huenda naye anangoja wa kumuunga mkono tu dhidi ya fundi huyo.

Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni penye rundo la nafaka, akatia mkono ndani, vidole vyake vikakuta umajimaji. Mwenye mali akajitetea kuwa ni mvua. Mtume akamuuliza mbona hakuiweka juu ile iliyolowa, watu wakaiona, kisha akasema kwamba mwenye kughushi si katika yeye. Kisa hiki kimepokewa na Imam Muslim. Rangi nyeusi juu ya kutu haina tofauti na nafaka kavu iliyotandazwa juu ya mbichi, na oili nzito ni hivyo hivyo: huficha moshi kwa siku chache, kisha injini ikarudia hali yake mikononi mwa mtu mwingine. Ama kurudisha mita nyuma, huo ni uongo uliandikwa kwa tarakimu.

Wako wanaodhani wamepata njia ya kutokea kwa kusema, "Nauza kama lilivyo." Sheria ya Kenya ya uuzaji wa bidhaa, Sura ya 31, kwa sehemu kubwa humwachia mnunuzi ajitazamie mwenyewe. Fiqhi yetu ni kali zaidi. Kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu, sharti la kujivua dhima humsaidia muuzaji katika kasoro ya ndani ya mnyama ambayo mwenyewe hakuijua, si katika bidhaa nyingine. Na mnunuzi akigundua aibu iliyokuwepo tangu kabla ya kukabidhiwa, ana khiyari ya kurudisha. Mwenye mashaka na amwendee sheikh wake.

Basi gari litayarishwe vipi? Lioshwe, naam, na viti visuguliwe hadi harufu ya maziwa yaliyomwagika itoke. Usafi si ghushi. Injini lakini isioshwe asubuhi ya mauzo, kwa sababu maji hufuta alama za mavujo ambazo mnunuzi ana haki ya kuziona. Isipashwe moto kabla hajafika pia. Asubuhi za Nyamira ni za baridi, na injini ya dizeli hujitambulisha vizuri zaidi inapowashwa ikiwa baridi. Mnunuzi aiwashe mwenyewe, autazame moshi: ukiwa wa buluu, oili inaungua. Chini ya gari pasafishwe udongo mwekundu, kisha kutu iachwe wazi. Gari linaloishi Kisii, ambako mvua hunyesha takriban mwaka mzima, hushika matope kwenye chesisi, na la pwani huliwa na hewa ya chumvi. Hili limeonja yote mawili.

Kuhusu matengenezo, rai yetu ni hii. Rangi, redio, kitasa kilicholegea, viacheni na mvipunguze katika bei. Breki na matairi, hapana. Mji wa Kisii uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na barabara ya kwenda Nyamira ni ya kupanda na kushuka, mvua ikinyesha utelezi. Gari litabeba watoto wa watu. Ikiwa fedha za kutengeneza hazipo, mnunuzi aambiwe waziwazi, bei ipunguzwe kwa makadirio ya fundi mwingine asiye wa upande wowote, na gari lipelekwe gereji kabla mtoto hajalipanda. Hasara hiyo itauma, hasa karo za Januari zikiwa mlangoni, nasi hatuidharau.

Dada yetu ametaja daftari analoandika kila oili iliyobadilishwa na kila safari. Limpe mnunuzi nakala. Daftari hilo lina thamani kuliko mita yoyote.

Ukabidhi nao una mambo yake. Mkataba uandikwe, kasoro zikitajwa moja moja, na pande zote mbili zitie saini mbele ya mashahidi. Kama gari lilinunuliwa kwa mkopo, jina la mkopeshaji liondolewe kwanza. Uhamisho wa umiliki hufanywa kwa NTSA kupitia eCitizen: muuzaji huanzisha ombi katika akaunti yake, mnunuzi akalikubali katika yake. Msimwachie gari na logibuku kwa ahadi ya "nitabadilisha baadaye", kwani likigonga mtu, jina litakalotafutwa kwanza ni lenu. Bima yenu haimfuati mnunuzi. Iarifuni kampuni na muulizie salio la muda uliobaki. Na mifuko ya nyuma ya viti ipekuliwe kabla ya funguo kutolewa, maana juzuu za watoto na dawa za kutapika ndiko hukaa.