Dalali Kati ya Kiswahili na Kitaliano

Mgeni anayeshuka Malindi huenda akaamkiwa kwa "ciao" kabla hajaambiwa hujambo. Jambo hili halina ajabu kwa anayejua historia ya mji. Waitaliano walikuja kujenga kituo chao cha kurushia roketi huko Ngomeni katika miaka ya sitini, na tarehe 26 Aprili 1967 setilaiti yao ya San Marco ya pili ikaruka kutoka kwenye jukwaa lililosimamishwa baharini. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu yetu ya Jamhuri, iliruka kutoka hapo hapo ile setilaiti ya Wamarekani iliyopewa jina la Uhuru. Nyuma ya mafundi wakaja wenye hoteli, wapishi, wazee waliostaafu na wanunuzi wa viwanja. Sasa ni zaidi ya nusu karne, na wako vijana wa Shella na Maweni wanaozungumza Kitaliano kama walionyonyeshwa nacho.

Wanazungumza. Lakini kuandika ni kazi nyingine. Inapofika siku ya kuandikiana, iwe ni kukodi nyumba, kuuza shamba, kuoa au kugawana mirathi, Mswahili na Mtaliano hawaandikiani moja kwa moja. Wanamwita Mwingereza akae katikati. Karatasi huandikwa kwa Kiingereza, kisha kila upande hujitafutia mtu wa kuifasiri. Basi Kiingereza kimekuwa dalali wetu, na dalali, kama tumjuavyo sote, hali njaa.

Mwaka jana wazee wa wavuvi wa kijiji kimoja kusini ya Malindi walinijia na karatasi ya namna hiyo. Kiwanja kilichokuwa kati ya kijiji na bahari kilikuwa kimekodishwa kwa bwana mmoja wa Kitaliano, mtu mpole kwa maelezo yao wenyewe, na kabla hajajenga ukuta walikubaliana naye juu ya njia yao ya kwendea pwani. Karani akaandika kwa Kiingereza kwamba njia hiyo itabaki "free". Kila mtu akatia sahihi au kidole gumba. Ukuta ukajengwa, lango likawekwa, na kila siku baada ya magharibi lango likafungwa kwa kufuli.

Na mvuvi, msomaji, haendi baharini kwa saa za afisini. Huenda kwa maji. Maji yakijaa saa nane za usiku, ndiyo saa yake ya kazi.

Walipomwendea yule bwana kulalamika, naye alitoa karatasi yake kwa ghadhabu ya mtu aliyedhulumiwa. Ilikuwa tafsiri ya Kitaliano iliyofanywa na kijana mmoja wa hapo hapo, na pahali pa "free" palikuwa na neno "gratuito", yaani bure, pasipo malipo. "Ni lini nimemtoza mvuvi hata senti moja?" akauliza. Hakuwa amemtoza mtu. Wazee walisema kweli, naye alisema kweli, na lango lilikuwa limefungwa.

Tuliangalie neno hili kidogo. Mwingereza husema "free" kwa mtumwa aliyeachwa huru, kwa kiti kisicho na mtu, kwa chai isiyolipiwa, kwa barabara isiyo na kizuizi, na kwa mtu asiye na kazi jioni hii. Mtaliano hana neno moja la kuyabeba yote hayo. Ana "libero" kwa mtu huru, kiti kitupu na njia isiyozibwa. Ana "gratuito" au "gratis" kwa kisicholipiwa. Nasi tuna huru, tuna wazi, tuna bure, tuna nafasi. Lau wazee wangeandika kwa lugha yao kuwa njia ibaki wazi, na neno hilo likaenda moja kwa moja katika Kitaliano, hakuna mfasiri ambaye angelipeleka kwenye malipo. Wazi haina uhusiano wowote na pesa. Maana ilikuwa safi ilipotoka Kiswahilini, na ilikuwa na pa kufikia Kitalianoni. Ilichafuka njiani, kwa dalali.

Wengi hudhani kwamba maneno magumu ya Kiingereza ni yale marefu ya mawakili na madaktari. Sivyo. Maneno marefu aghalabu yametoka Kilatini, na Mtaliano huyatambua kama mtu anayemtambua binamu yake sokoni. Yenye hatari ni yale mafupi ya kila siku ambayo mtoto wa darasa la pili anayajua. Watungaji wa kamusi kubwa ya Oxford walipolipitia upya neno "run" waliliona lina maana zaidi ya 600 likiwa kitenzi tu. Kwa Mtaliano, mtu anayekimbia, bomba linalotiririka, pua inayotoka kamasi, injini inayozunguka, duka linaloendeshwa, mgombea anayesimama katika uchaguzi na sukari iliyokwisha nyumbani vyote vinataka vitenzi mbalimbali. Na gari likimgonga mtu, Kitaliano kina neno lake: "investire". Sasa shangaa pamoja nami. Neno hilo hilo ndilo la kutia mali katika biashara, na "investitore" ni mwekezaji, na pia ni dereva aliyemkumba mtu barabarani. Nawajua watu wa Watamu watakaosema kwamba hapo Kitaliano hakikukosea kitu, lakini hayo nawaachia wao.

Si kwamba maneno ya maana nyingi ni aibu ya Kiingereza peke yake. Sisi hupiga pasi, hupiga picha, hupiga simu, hupiga mswaki na hupiga kura, na hakuna aliyeumia. Mtaliano naye ana "fare", kufanya, ambalo analitumia kwa kuoga, kupiga picha, kunywa chai ya asubuhi na hata kwa hali ya hewa. Kijana anayejifunza Kitaliano kwa kupitia "get" la Kiingereza atahangaika miaka, kwani hilo litamtaka achague baina ya kupokea, kununua, kuwa, kufika na kufahamu. Lakini akianza na kupata na kupiga za kwao, mara nyingi atakuta mlango umeshafunguliwa. Chukua "time". Mtaliano hulazimika kuligawa mafungu matatu: "tempo", "ora" na "volta". Kwetu ni wakati, saa na mara. Mafungu ni yale yale! Na Waitaliano wa zamani walianza kuhesabu saa za siku tangu jua kuchwa, kama vile siku yetu inavyoingia magharibi. Desturi hiyo ilikufa walipotawaliwa na Wafaransa wa Napoleon.

Hasara iliyo kubwa zaidi iko katika majina ya jamaa, na hapa naomba wenye kesi za mirathi wanisikilize. Kwa Mwingereza ndugu wa baba na ndugu wa mama wote ni "uncle". Kwetu ami ni ami na mjomba ni mjomba, na si suala la adabu tu. Ami, ndugu wa baba kwa baba, ni katika asaba, na huweza kurithi. Mjomba ni katika dhawil arham, wasiotajwa maadamu wako wenye mafungu na asaba. Ikiandikwa karatasi kwa Kiingereza kwamba marehemu aliacha "uncle" mmoja, sheria nzima imefutwa kwa neno moja. Kitaliano hakiwezi kuirudisha, kwa sababu nacho kina "zio" tu kwa wote wawili. Na kina tundu lake jingine kubwa: "nipote" ni mjukuu, na vile vile ni mtoto wa ndugu, wa kiume au wa kike. Mwana wa mwana wa kiume na mwana wa dada wamevikwa kanzu moja. Wako watoto wengi hapa pwani wenye baba au babu wa Kitaliano, na vyeti vyao lazima vifasiriwe ili viandikwe katika madaftari ya miji ya Italia. Mfasiri mwaminifu hana budi kuongeza maneno: ndugu wa baba, mtoto wa dada. Maneno mawili matatu ya ziada hayana gharama yoyote yakilinganishwa na safari za kwenda na kurudi mahakamani.

Vijana wetu wataniambia kwamba siku hizi simu inafasiri yote. Mimi pia ninayo hiyo simu, na siidharau. Tangu mwaka 2016 mashine hizi zimepiga hatua kubwa. Lakini kwa muda mrefu mashine hizo, zikiombwa kutoka lugha moja ndogo hadi nyingine, zimekuwa zikipitisha maneno Kiingereza kwanza, kisha ndipo kwenye lugha inayotakiwa. Mtumiaji haoni kituo hicho cha katikati. Unaandika ami, unapewa "zio", unaridhika. Mtaliano akikujibu kwa "zio" lile lile, huenda likakurudia likiwa mjomba. Dalali amehama kutoka barazani akaingia mfukoni.

Huko Italia kwenyewe nako kuna kelele juu ya Kiingereza. Mji wa Firenze una baraza la lugha, Accademia della Crusca, lililoanzishwa mwaka 1583, ambalo kamusi yake ilitoka mwaka 1612. Mwaka 2023 zilienea habari za mswada wa Fabio Rampelli, mbunge wa chama kinachotawala, uliotaka watakaotumia maneno ya kigeni katika shughuli rasmi watozwe faini ya kati ya euro 5,000 na 100,000. Kisa cha kuchekesha ni kwamba miezi michache kabla ya hapo serikali ya chama hicho hicho ilikuwa imeipa wizara nzima jina lenye "Made in Italy" ndani yake. Wenye kumbukumbu wakakumbushana zama za Mafashisti, walipopiga vita maneno ya kigeni kwenye mabango ya maduka, na mwaka 1938 wakataka hata kiwakilishi cha heshima "Lei" kiachwe, watu waambiane "voi".

Kwa maoni yangu mswada huo unamfukuza mwizi aliyevaa kofia na kumwacha aliyevaa kanzu. Neno la Kiingereza likiingia na sura yake, kila mtu analiona. Maana ya Kiingereza ikiingia ndani ya neno la Kitaliano, hakuna anayeigutukia. "Realizzare" kwa asili ni kutimiza jambo. Sasa Waitaliano wengi hulitumia kwa maana ya kutambua, kwa kuwa ndivyo Mwingereza alivyolifanya la kwake. Na sisi je? Sikiliza redio zetu asubuhi moja tu, uhesabu ni mara ngapi utaambiwa "mwisho wa siku" na msemaji hazungumzii jioni.

Nimetaja "Lei", na sitaki kulipita. Kiingereza kina "you" moja kwa mtoto, mzee na mbwa. Mtaliano humwambia rafiki "tu" na mzee asiyemzoea "Lei". Vijana wa ufuoni wamejifunza "tu" peke yake, kwani watalii wa likizo hawataki zaidi ya hiyo. Kisha kijana aliyelelewa kumwamkia kila mzee shikamoo humkabili bibi wa Kitaliano wa miaka 80 kwa "tu", na bibi humwona hakufunzwa. Adabu anayo tele. Hajapewa neno lake tu.

Njia bora ya kutoka hapa ni kufasiri bila dalali, na haikosi watu. Chuo cha L'Orientale cha Napoli kimefundisha Kiswahili miaka mingi, na marehemu Elena Bertoncini Zúbková aliyefundisha huko aliandika mengi juu ya fasihi yetu. Upande wetu tuna vijana wanaokijua Kitaliano cha kusema. Kilichobaki ni wakalishwe wafundishwe cha kuandika, kuanzia Kiswahili.

Ile karatasi ya njia tuliiandika upya, safu mbili, Kiswahili kulia na Kitaliano kushoto. Tukaandika wazi, usiku na mchana, na bila malipo, yote mawili, ili pasibaki pa kuteleza. Yule bwana alisoma polepole, akauliza kama wazi ni kwa watu tu ama na kwa punda. Wazee wakatazamana. Hilo hawakuwa wamelifikiria, na mzee mmoja akasema samaki hawajibebi wenyewe. Tukaongeza punda.