Mashine ndogo ya kung'arisha magari: hesabu si bei ya mashine, ni idadi ya magari

Ukipita katika sehemu za kuoshea magari mijini, iwe Mwanza, Morogoro au Dar es Salaam, utaona kwamba ndoo na sabuni peke yake siku hizi hazitoshi kumvuta mteja. Vijana wengi wameongeza mashine ndogo ya umeme ya kushika mkononi, nyingi zikiwa zimetengenezwa China, ambayo hutumika kupiga polishi na kupaka nta ili bodi ing'ae. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na vitendea kazi vingine vya gereji, na ndiyo maana mkulima anayetaka kumfungulia mwanawe mradi mjini baada ya kuuza mahindi huitazama kama mtaji mwepesi.

Soko lipo, na sababu zake zinaeleweka. Magari mengi tunayoyatumia ni mitumba kutoka Japani, na yanafika yakiwa yamekwisha kula miaka kadhaa. Ushuru wa uchakavu unaotozwa magari yaliyozidi umri wa miaka 8 unafanya kubadilisha gari kuwa gharama kubwa, kwa hiyo mwenye gari hulitunza alilonalo. Jua letu nalo halina huruma: rangi inapauka na taa za mbele zinageuka manjano. Anayetaka kuuza gari anajua kwamba mnunuzi huanza kutazama bodi kabla hajafungua boneti.

Kabla ya hesabu, tuelewane kuhusu kitu chenyewe. Polishi na nta ni vitu viwili tofauti, ingawa wengi huvichanganya. Polishi ina chembechembe laini zinazokwangua kidogo sana uso wa rangi mpaka mikwaruzo midogo ipotee. Nta haikwangui kitu, inafunika tu, na baada ya wiki kadhaa au miezi michache huwa imekwisha. Anayepaka nta juu ya rangi iliyopauka bila kupiga polishi anamuuzia mteja mng'ao wa siku chache.

Mashine nazo ziko za aina tatu. Ipo ya duara yenye mikono miwili na kitambaa cha manyoya, ambayo ndiyo rahisi kuliko zote. Hii inafaa kupaka na kufuta nta, lakini mikwaruzo haiiwezi. Ipo inayozunguka moja kwa moja, yenye nguvu, inayotaka mkono wa fundi. Ya tatu inazunguka huku ikiyumba, hivyo joto halijikusanyi sehemu moja, na kwa anayeanza hii ndiyo salama zaidi. Sitaki kuizungumzia grainda ya kukatia vyuma iliyofungwa sponji, ila imeenea mno kuiacha: grainda ya kawaida huzunguka mara 11,000 hivi kwa dakika, wakati kazi ya polishi haihitaji kupita 3,000. Huo ni uharibifu wa mali ya mtu.

Sasa tufanye mchanganuo. Tarakimu hizi ni za mfano, msomaji aweke bei za mahali pake. Tuseme mashine ni shilingi 150,000, sponji, polishi na nta za kuanzia 120,000, waya wa umeme na tepu 30,000. Mtaji ni 300,000. Kijana anatoza 40,000 kwa gari. Kwa kila gari anatumia polishi na nta za 8,000, sponji zinachakaa kwa 3,000, maji na sabuni 1,500, na mwenye eneo anachukua 10,000. Umeme ndio mdogo kuliko wote: mashine ya wati 900 ikifanya kazi saa mbili inakula uniti 1.8, ambayo kwa bei ya karibu shilingi 360 kwa uniti haifiki 700. Jumla ya matumizi ni 23,200, zinabaki 16,800.

Hapo wengi hugawanya 300,000 kwa 16,800, wakaona magari 18 yanarudisha mtaji, wakashangilia. Kosa ni lile lile la mkulima anayehesabu mbegu na mbolea akasahau jembe la mkewe na watoto. Kazi hii, ikifanywa vizuri, inakula nusu siku. Kijana akijilipa 10,000 tu kwa gari, zinabaki 6,800, na mtaji unarudi baada ya magari 45. Akipata magari matatu kwa wiki, hiyo ni wiki 15. Swali la maana basi ni kama mashine ya bei hiyo itafika gari la 45 ikiwa hai. Kinachotangulia kuisha mara nyingi ni kaboni za mota, nazo ni rahisi kubadilisha zikipatikana. Mnunuzi aulize kaboni za akiba hapo hapo dukani, na kama muuzaji hana, atafute mashine nyingine.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye rangi ya mteja. Tabaka angavu la juu, ambalo mafundi huliita klia, kwa kawaida lina unene wa mikroni 35 hadi 50, yaani jembamba kuliko unywele. Kila polishi inapunguza kidogo, na likiisha halirudi isipokuwa kwa kupaka rangi upya. Fundi wa rangi akitoza 120,000 kurekebisha boneti moja iliyoungua, faida ya magari karibu 18 imekwenda. Ndiyo maana nashauri kijana aanze na taa zilizopauka na magari ya ndugu. Afanye kazi kivulini bodi ikiwa baridi, abandike tepu kwenye kingo na plastiki, achukue eneo dogo la kama nusu mita kwa nusu mita, mashine ilale sawasawa na isikandamizwe. Sponji ikianguka chini isirudi kwenye gari kabla haijaoshwa, kwani punje moja ya mchanga inachora duara ambazo mteja ataziona jioni hiyo hiyo.

Fedha ya kununulia nayo inaamua mengi. Ipo mikopo ya halmashauri isiyo na riba, inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambapo vijana wametengewa asilimia 4. Ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa 2024, na inatolewa kwa vikundi. Ina usumbufu wa vikao na makaratasi. Lakini tazama njia ya mkato, ile mikopo ya mitaani inayoitwa kausha damu. Kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, 300,000 inadai 60,000 kila mwezi. Magari 12 kwa mwezi yanatoa 81,600. Inabaki 21,600 ya kupunguza deni lenyewe, na mvua ikinyesha wiki mbili hata hiyo haipo. Kwa mradi huu, mkopo wa namna hiyo siuungi mkono hata kidogo.

Kwa mkulima mwenye pikapu ya kubebea mazao, mng'ao wa bodi si wa kwanza. Mbolea ya chumvichumvi iliyomwagika inakula chuma, hivyo maji safi chini ya gari na ndani ya kibebeo baada ya kila safari ya mbolea yana faida kuliko nta ya boneti. Nta ifuate siku anapotaka kuuza.

Mfugaji wa nyuki wa Tabora au Katavi ana nafasi yake humu. Nta ngumu ya magari hutokana zaidi na karnauba, mti wa jamii ya mitende wa kaskazini mashariki mwa Brazili, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 82 hadi 86, wakati nta ya nyuki huyeyuka kwenye 62 hadi 64. Boneti nyeusi juani yaweza kufika nyuzi 70, kwa hiyo nta ya nyuki peke yake haifai gari. Ikichanganywa na karnauba inafaa, na kwa dawa ya viatu na fanicha inafaa zaidi. Mizinga ya kienyeji, ambamo masega hukamuliwa yote, hutoa karibu kilo moja ya nta kwa kila kilo 10 za asali, na bado wapo wanaoyatupa masega hayo baada ya kukamua.