Panga kwanza, helikopta baadaye

Kila mwalimu wa sayansi amewahi kuulizwa na mwanafunzi kwa nini ndege atuaye juu ya waya wa umeme hafi. Jibu lake ni fupi. Ndege huyo hagusi ardhi wala waya wa pili, na kwa hiyo umeme haupati njia ya kupita mwilini mwake. Juu ya jibu hilo dogo wenzetu wa Marekani wamejenga kazi ambayo mtu akisimuliwa aweza kudhani ni hadithi.

Fundi huketi kwenye jukwaa dogo lililofungwa ubavuni mwa helikopta, naye amevaa vazi lililofumwa kwa nyuzi za chuma. Rubani huisogeza helikopta taratibu hadi kwenye waya wenye msongo wa mamia ya kilovolti, akaisimamisha hapo hapo hewani. Fundi hunyoosha ufito wa chuma na cheche huruka kati ya ufito huo na waya. Kisha hukibana kiungo kinachoifunganisha helikopta na waya. Tangu hapo fundi, rubani na chombo chao huwa na msongo ule ule wa waya, mfano wa ndege wa mwanafunzi wetu. Vazi la chuma humkinga fundi kwa kanuni aliyoidhihirisha Michael Faraday wa Uingereza mwaka 1836. Vifaa vilivyochakaa hubadilishwa, na huku viwanda na hospitali vinaendelea kupata umeme kana kwamba hapana lililotendeka.

Kazi hiyo ni ya hatari. Upepo ukivuma ghafla, au injini ikizimika katika kimo kile, nafasi ya kuokoka ni ndogo. Walakini huifanya, kwa sababu laini kubwa ikizimwa mzigo wake huhamia kwenye laini nyingine, nazo zaweza kuelemewa.

Wapo watakaosema nasi tununue helikopta. Wapo pia watakaosema kwamba hiyo ni anasa ya matajiri isiyotuhusu. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zimekosea.

Kutengeneza laini bila kuizima si anasa. Mwenye njia nyingi za umeme akifunga moja hupitisha kwingine. Asiye na njia nyingi, kama sisi, akifunga moja hutia giza wilaya nzima. Tena kazi hiyo haikuanza na helikopta. Tangu miongo ya mwanzo ya karne ya 20 mafundi wameifanya kwa fito ndefu zisizopitisha umeme, wakiwa wamesimama juu ya nguzo. Linalotakiwa kwanza ni fundi aliyefunzwa vyema, mwenye vifaa vilivyopimwa na msimamizi asiyelala.

Na wale wanaotamani helikopta wakumbuke tarehe 14 Agosti 2003. Siku hiyo, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, laini tatu za kilovolti 345 zililegea na kugusa miti ambayo haikupogolewa. Kompyuta iliyopaswa kutoa tahadhari nayo ilikuwa imekwama. Kabla ya jua kutua, watu wapatao milioni 50 wa Marekani na Kanada hawakuwa na umeme. Helikopta zilikuwako. Aliyekosekana ni mtu mwenye panga, aliyetumwa kwa wakati.

Somo hilo latuhusu sana. Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo tisa ya jumla ya megawati 2,115, hupeleka umeme Chalinze kwa laini ya kilovolti 400. Laini nyingine ya msongo huo yatoka Iringa, ikapita Dodoma na Singida, hadi Shinyanga. Hiyo ni mali iliyojengwa kwa jasho la wananchi. Siku ya kuizindua huwa na ngoma na hotuba, lakini siku ya kufyeka vichaka chini yake, au ya kubadilisha vikombe vilivyopasuka, haina mgeni rasmi.

Ndugu watumishi wa umma, hapa ndipo wajibu wetu ulipo. Fedha zinapopungua, fungu la matengenezo ndilo linaloguswa kwanza, kwa kuwa halina kelele. Hatuna budi kulilinda kama tunavyolinda fungu la ujenzi. Ndugu walimu, mwanafunzi aelewe habari za ndege na waya, kisha aelewe pia kwamba achomaye moto chini ya laini, au aibaye chuma cha nguzo, anaihujumu hospitali anayotibiwa mama yake.

Huenda siku moja kijana wetu ataketi ubavuni mwa helikopta na kuushika waya wenye umeme. Nasi tutamshangilia. Lakini kabla ya siku hiyo, panga lifanye kazi yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta.