Rangi za Chati: Uhuru Usio na Mwongozo Hupotosha

Takwimu zilizochorwa hufahamika upesi kuliko takwimu zilizopangwa katika majedwali. Jambo hili lilidhihirika tangu mwaka 1786, William Playfair alipochapisha mjini London kitabu chake cha chati za biashara ya Uingereza, ambazo zilipakwa rangi kwa mkono. Enzi hizo nakala zilikuwa chache, na kosa lilisambaa polepole. Leo hali ni nyingine. Mtunzi mmoja wa programu akiweka rangi zisizofaa katika chati, uchaguzi wake huweza kunakiliwa katika maelfu ya kompyuta, na wasomaji wasiomjua wakabeba hasara yake. Kwa sababu hiyo yafaa kuuliza: je, chombo anachotumia mtunzi kuchagulia rangi kimwachie achague apendavyo, au kimwongoze?

Kwanza hapana budi chombo hicho kieleweke. Tangu kutolewa kwa Visual Basic mwaka 1991 na Delphi mwaka 1995, watunzi wengi wa programu za kompyuta za mezani wamejenga kazi zao kwa kupanga vipande vilivyo tayari: vitufe, orodha, visanduku vya maandishi na chati. Kila kipande kina sifa zake, kama vile upana, jina na rangi. Sifa hizo huorodheshwa katika jedwali la safu mbili; kushoto huwa jina la sifa, na kulia thamani yake. Sehemu inayomwezesha mtunzi kubadili thamani hiyo ndiyo iitwayo kihariri cha sifa. Sifa ya upana huhitaji mahali pa kuandikia tarakimu tu. Sifa ya rangi hufungua kisanduku cha rangi.

Ndani ya kompyuta, rangi huwakilishwa kwa namba tatu: ya nyekundu, ya kijani na ya buluu, kila moja ikianzia 0 hadi 255. Kwa hiyo zipo rangi 256 × 256 × 256, yaani 16,777,216. Kihariri cha kawaida humfungulia mtunzi bahari hiyo yote bila kumwuliza rangi itatumika wapi. Ikiwa ni rangi ya kitufe, madhara yake ni madogo. Katika chati, hata hivyo, rangi si pambo bali ni jina. Rangi ndiyo isemayo kwamba mstari huu ni wa mvua na ule ni wa mavuno. Majina mawili yakifanana, msomaji hawezi kujua asomalo.

Mwalimu na wanafunzi wake waweza kulithibitisha jambo hili kwa penseli na karatasi. Rangi inapogeuzwa kuwa kijivu, kiasi cha mwanga wake huweza kukadiriwa kwa kuzidisha nyekundu kwa 0.299, kijani kwa 0.587 na buluu kwa 0.114, kisha kujumlisha. Kanuni hii ilitokana na viwango vya televisheni ya rangi vilivyopitishwa Marekani mwaka 1953, ili picha za rangi zionekane pia katika seti za nyeusi na nyeupe. Nyekundu kamili, yaani 255, 0, 0, hutoa 76. Kijani cha kiasi, yaani 0, 128, 0, hutoa 75. Katika kioo cha kompyuta rangi hizo mbili huonekana kuwa mbali kama mchana na usiku. Lakini chati hiyo ikitolewa nakala kwa mashine ya wino mweusi, kama ifanyikavyo katika shule nyingi, nguzo zote mbili hutoka na kijivu kilekile. Mwanafunzi aliyepewa karatasi hiyo katika mtihani hawezi kujibu swali, hata kama somo analijua barabara.

Tatizo haliishii kwenye karatasi. Mwanakemia John Dalton, aliyejulikana kwa nadharia yake ya atomu, alieleza mwaka 1794 kwamba yeye mwenyewe hakuona rangi kama watu wengine. Alidhani kwamba ute wa ndani ya jicho lake ulikuwa wa buluu. Alipofariki mwaka 1844 jicho lake lilipasuliwa, na ute ukakutwa mweupe. Mwaka 1995 uchunguzi wa chembe za urithi kutoka katika jicho hilo lililohifadhiwa ulionyesha kwamba alikosa aina ya chembe za kupokea mwanga zinazohusika zaidi na kijani. Kasoro za namna hii hurithiwa kwa kromosomu ya X, na kwa kuwa mwanamume anayo moja tu, huwapata wanaume zaidi. Miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya, huwapata kadiri ya mwanamume 1 kati ya 12 na mwanamke 1 kati ya 200. Uwiano hutofautiana katika jamii nyingine, ila hakuna sababu ya mwalimu kudhani kwamba darasani mwake hamna mtu wa hali hiyo. Mara nyingi mwenyewe hajijui, na huhesabiwa kuwa mzito wa kuelewa.

Basi, kihariri cha rangi za chati chapasa kutengenezwa upya kwa ajili ya kazi yake. Jambo hili lawezekana na si geni. Delphi humruhusu mtunzi kuandika kihariri chake mwenyewe na kukisajili kwa sifa maalumu ya kipande maalumu. Java, tangu toleo lake la 1.1 la mwaka 1997, inayo njia ya kufanya vivyo hivyo: kihariri huweza kuigeuza thamani kuwa maandishi, kuchora kielelezo chake kidogo, na kufungua dirisha lake chenyewe badala ya lile la kawaida. Mlango huo upo wazi. Kinachohitajika ni kuutumia kwa busara.

Kihariri kilichofikiriwa vema kingeanza kwa kuuliza aina ya takwimu: je, ni makundi yasiyo na mpangilio, au ni viwango vinavyopanda kutoka kidogo hadi kikubwa? Kisha kingetoa rangi chache zilizokwisha kupimwa, kama zile nane zilizopendekezwa na wanasayansi wa Japani Masataka Okabe na Kei Ito. Rangi yao ya machungwa, yaani 230, 159, 0, hutoa mwanga wa 162, na buluu yao, yaani 0, 114, 178, hutoa 87. Hata katika nakala ya kijivu mbili hizo hazichanganyiki. Mwisho, kihariri kingeonyesha chati ndogo ya mfano kama itakavyoonekana katika nakala nyeusi, na kutoa onyo pale rangi mbili zinapokaribiana mno.

Wapo watakaosema kwamba huku ni kumnyima mtunzi uhuru. Hoja hiyo ina uzito, kwani huenda mtu akahitaji rangi za bendera au za nembo. Lakini onyo si kufuli. Anayetaka rangi nyingine aachiwe njia ya kuifikia, ila aipite akijua afanyalo. Wengine watasema kazi huongezeka. Ni kweli, lakini huongezeka mara moja kwa mtunzi mmoja, ilhali faida yake huwafikia wote watakaotumia kipande hicho. Isitoshe, watu wengi hutumia rangi wanazozikuta. Ndiyo maana MATLAB mwaka 2014 na matplotlib mwaka 2017 ziliacha kutanguliza rangi za upinde wa mvua, ambazo huonyesha mipaka mikali mahali ambapo takwimu zenyewe hazina mpaka, zikaweka rangi ambazo mwanga wake hupanda hatua kwa hatua.

Kabla vihariri vya namna hiyo havijaenea, shule zisingoje. Kila chati ichorwayo na mwanafunzi ipimwe kwa hesabu iliyotajwa hapo juu, na mistari yake itofautishwe pia kwa nukta, vistari au majina yaliyoandikwa kando. Taa za barabarani hazikutegemea rangi peke yake. Nyekundu huwekwa juu na kijani chini, ili hata asiyezitofautisha rangi ajue wakati wa kusimama. Chati nayo yastahili uangalifu uo huo. Sayansi inayochorwa kwa ajili ya wote haina budi kusomeka na wote.